Dawa za Kulevya: Hotuba Pekee Haitoshi

Mwaka 1983, mjini Los Angeles, Marekani, ilianzishwa programu ya D.A.R.E.: polisi anaingia darasani kueleza ubaya wa dawa za kulevya. Watafiti walipofuatilia, waliofundishwa hawakutofautiana sana na wenzao wasiofundishwa katika kutumia dawa hizo. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi ya kukataa. Mtoto ajizoeze kumjibu rafiki anayemnyooshea msokoto wa bangi kule migombani: “Sivuti bwana, twende uwanjani.” Arudie mpaka mdomo uzoee. Klabu za shule zifanye hivyo, si kughani ngonjera tu siku ya mgeni rasmi. Nawe mzazi, acha kumtuma mtoto pombe ya rubisi. Kwa msaada hapa Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapatikana bure kwa namba 119.