Picha ya Asili Isiguswe
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi juu ya kuweka picha zilizorekebishwa katika folda ya pekee



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari la ushirika lilikuwa la karatasi: kitabu cha mizani, kitabu cha stakabadhi, leja na rejista ya wanachama. Siku hizi, katika vyama kadha wa kadha, daftari hilo limepata msaidizi. Karani wa mizani huzipiga picha stakabadhi kwa simu ya mkononi, na katibu huwapiga picha wanachama kwa ajili ya vitambulisho. Jioni picha hizo huingizwa katika kompyuta ya ofisi, zikanyooshwa, zikaongezwa mwangaza na kupunguzwa ukubwa, ili zipate kutumwa au kuchapishwa kwa wepesi. Hapo ndipo penye hatari.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Katibu wake ana picha 212 za stakabadhi za juma moja. Anazichagua zote, anaiamuru programu izipunguze kwa mkupuo mmoja, kisha anabonyeza neno la kuhifadhi. Kazi ya siku nzima inakwisha kwa dakika chache, naye anafunga ofisi kwa furaha. Asilolijua ni kwamba picha mpya zimeandikwa juu ya zile za asili. Baada ya miezi mitatu, siku ya malipo ya pili, mama mmoja mkulima anadai kwamba alipima kilo 48, ilhali leja inaonyesha 43. Nakala yake ya stakabadhi, iliyoandikwa kwa karatasi ya kaboni, imefifia. Picha inafunguliwa, na tarakimu ya mwisho ni doa jeusi. Je, ni nane au ni tatu? Hakuna awezaye kuapa. Kilo tano ni chache machoni pa chama, lakini kwa mama huyo ni jasho lake. Na akiondoka na manung'uniko, majirani zake wataondoka nayo pia.

Makatibu wanaijua vema kanuni ya leja. Tarakimu iliyokosewa haifutwi kwa ufutio wala haikwanguliwi kwa wembe. Hupigwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, tarakimu sahihi ikaandikwa juu yake, na aliyesahihisha akatia sahihi. Sababu yake ni kwamba mkaguzi lazima aone kilichokuwapo kabla ya masahihisho. Picha nayo ifuate kanuni hiyo hiyo. Ya asili ibaki kama ilivyotoka katika simu, na iliyorekebishwa iwekwe mahali pengine.

Yafaa ieleweke pia kwa nini kilichopotea hakirudi. Picha ya simu yenye nukta 4000 kwa 3000 ina nukta 12,000,000. Ikipunguzwa kuwa 800 kwa 600, zinabaki 480,000, yaani nukta moja katika kila 25. Programu ikiambiwa baadaye iikuze tena, itajaza nafasi kwa kukisia, na kisio si ushahidi. Tena, picha nyingi huhifadhiwa katika muundo uitwao JPEG, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 1992. Muundo huo hupunguza ukubwa wa faili kwa kuacha sehemu ndogondogo za picha, na kila picha inaporekebishwa na kuhifadhiwa upya, sehemu nyingine huweza kuachwa. Zaidi ya hayo, faili ya asili kwa kawaida hubeba ndani yake tarehe, saa na aina ya simu iliyotumika. Baadhi ya programu huyaondoa maelezo hayo wakati wa kurekebisha. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza maelezo hayo. Kwa hiyo ya asili itumwe kama hati.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila kazi ifunguliwe folda yake, jina lake likianza kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2025-07-14 Mizani. Kwa mpango huo kompyuta yenyewe itazipanga folda kwa kufuata tarehe. Ndani yake ziwekwe folda mbili: ASILI na ZILIZOREKEBISHWA. Picha zote kutoka katika simu ziingie katika ASILI, na papo hapo nakala ya folda hiyo iwekwe katika diski ya nje itakayotunzwa nje ya ofisi, kwa maana moto na mwizi havichagui.

Ndipo kazi ya mkupuo ianze. Programu nyingi za kazi hii huwa na mahali pa kutaja folda ya kupokea picha mpya. Hapo itajwe ZILIZOREKEBISHWA kabla ya jambo lingine lolote. Katibu asidhani kwamba kila programu itamwuliza. Kwa mfano, amri ya mogrify katika programu ya ImageMagick huandika juu ya faili ile ile isipoelekezwa folda nyingine au muundo mwingine. Basi majaribio yafanywe kwanza kwa nakala za picha tatu, na matokeo yatazamwe kwa macho. Namba ya picha isibadilishwe, ila iongezewe mkia: 0147 iwe 0147-rek. Hata faili zikichanganyika siku moja, jina litasema ipi ni ipi. Mwisho zihesabiwe: zikiingia 212, zitoke 212. Ikipungua moja, itafutwe siku hiyo hiyo.

Marekebisho nayo yana mpaka. Kunyoosha picha, kuongeza mwangaza na kukata kingo zisizo na maandishi ni halali. Kugusa tarakimu, sahihi au alama ya dole gumba, hata kwa nia ya kuifanya isomeke vizuri, ni kughushi. Stakabadhi ya karatasi nayo isitupwe kwa sababu tu imepigwa picha.

Mambo haya yaandikwe katika daftari dogo: tarehe, idadi ya picha, kilichorekebishwa na jina la aliyefanya. Wajumbe wa bodi walitazame kila robo mwaka na kufungua picha chache kutoka katika kila folda. Picha za nyuso za wanachama zitunzwe kwa siri, kama inavyodai Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zisiachwe katika simu ya mtu binafsi wala katika kompyuta iliyo wazi kwa kila apitaye.

Wanachama nao wana sehemu yao. Mwanachama anayo haki ya kumwuliza katibu picha ya stakabadhi yake iko wapi, na kuomba aonyeshwe ile ya asili. Katibu mwaminifu hataudhika kwa swali hilo. Atafungua folda, na namba iliyoandikwa siku ile mbele ya mizani itaonekana. Mama yule akiiona nane yake, atalipwa. Akiiona tatu, ataridhika. Kwa vyovyote vile, atarudi kwenye mizani msimu ujao.