Jina Moja, Wanachama Watatu

Tulipoingiza daftari la kikundi kwenye kompyuta, tuliandika majina tu. Kumbe tunao akina mama watatu wa jina moja! Mkopo wa mmoja ukaandikiwa mwingine, naye akadaiwa shilingi 2,000 asizokopa. Alilia mbele yetu.

Basi kila mwanachama tukampa namba yake, isiyopewa mwingine hata akihama. Majina yana orodha yao, mikopo orodha yake, na namba ndiyo inayoziunganisha. Mtaalamu Edgar Codd alieleza mpango huu mwaka 1970. Jina likibadilika, tunasahihisha pahali pamoja tu. Namba ikirudiwa, kompyuta inakataa, sisi tungesahau.

Yule mama hajarudi mkutanoni. Jioni tunaenda kwake na daftari.