Faida Isiyonyang'anyika: Mhadhara wa Umma juu ya Kampuni za Soko la Hisa



Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwezi wa Aprili 1998, raia wa kawaida amepata haki ambayo zamani ilikuwa ya akali ya matajiri, nayo ni haki ya kuwa mshirika katika kampuni kubwa. Lakini haki hiyo haikuandamana na elimu ya kuichungua kampuni, na aghalabu mtu hununua hisa kwa kuwa jina limezagaa mabarabarani, au kwa kuwa gawio la mwaka uliopita lilikuwa nono. Nawasihi muulize swali lililo kabla ya gawio: kampuni hii yapata faida kwa njia gani, na ni kitu gani kimzuiacho mwingine mwenye mtaji asiichukue faida hiyo?

Kampuni ya kwanza kabisa kuorodheshwa sokoni ilikuwa Tanzania Oxygen, ambayo leo huitwa TOL Gases. Wengi huijua kwa mitungi ya oksijeni ipelekwayo hospitalini na kwa mafundi wa kuchomelea. Lakini kazi yake ipasayo kutazamwa sana na sisi watu wa nyanda hizi za Momba, Tunduma na Mbozi iko Ikama, wilayani Rungwe, ambako gesi ya ukaa hutoka ardhini yenyewe, kwa tabia ya milima ile iliyoumbwa na volkano. Penginepo atakaye gesi hiyo kwa ajili ya soda na bia mara nyingi hulazimika kuchoma mafuta, au kuikusanya katika matangi ya pombe inayochacha. Huko Ikama gesi huvunwa, ikasafishwa, ikashindiliwa hata ikawa kimiminika. Carbacid ya Kenya, iliyo katika Soko la Hisa la Nairobi, huchimba gesi ya namna hiyo hiyo huko Kereita. Mshindani aweza kununua mitambo, aweza kuajiri wahandisi hodari kuliko wa TOL, lakini hawezi kuiamuru ardhi itoe gesi pale apendapo yeye. Na kwa kuwa gesi husafirishwa katika vyombo vizito vya chuma, ukaribu wa Ikama na mipaka ya Kasumulu na Tunduma ni rasilimali nyingine, ijapokuwa haiandikwi katika mizania. Hata hivyo tusighurike: wanunuzi wakubwa wa gesi hiyo ni viwanda vya vinywaji, navyo si vingi, na muuzaji mwenye wateja wachache hawezi kupanga bei kama apendavyo.

Kama ardhi ilindavyo gesi, saruji hulindwa na umbali. Kampuni ya Twiga, yenye kiwanda Wazo Hill tangu 1966, ina nguvu kubwa Dar es Salaam na pwani. Ila mfuko wa saruji ni mzito kwa thamani yake, na kutoka huko hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900 za barabara, ndiyo sababu kiwanda cha bonde la Songwe, huko Mbeya, kimeweza kuishi.

Katika mabenki ngao ni fedha za gharama ndogo. Benki ya NMB, iliyozaliwa 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa, ikaingia sokoni 2008, ilirithi matawi ya wilayani ambayo wakati ule wengi waliyaona mzigo. Kumbe humo ndimo zilimolala amana za watumishi na wakulima, fedha zisizodai riba kubwa, na benki ipatayo fedha kwa gharama ndogo hukopesha kwa faida hata pale mwenzake apatapo hasara.

Sasa niitazame M-Pesa, huduma ya Vodacom ya kutuma fedha kwa simu, iliyoanza nchini 2008, kwa maana hapa pana funzo gumu zaidi. Nguvu yake ya awali ilikuwa watu wenyewe: kila aliyejiunga aliuongezea thamani mtandao kwa wale waliotangulia. Lakini kuanzia 2014 mitandao ilianza kuunganishwa, Vodacom nayo ikaingia 2016, na mtu wa mtandao mmoja akatuma fedha kwa mtu wa mtandao mwingine bila taabu. Ukuta huo wa kuwazuia washindani ukapungua kimo, ukabaki ule wa mawakala, na mpakani Tunduma madereva wa malori wajua tofauti ya wakala mwenye fedha mkononi na asiyekuwa nazo. Sheria nayo ina mkono wake. Ndiyo iliyozilazimisha kampuni za simu kuuza robo ya hisa zao kwa umma, Vodacom ikaorodheshwa Agosti 2017 kwa shilingi 850 kwa hisa. Na tozo ya miamala ya Julai 2021 ikawafanya wateja wapunguze kutuma fedha, ingawa kampuni haikufanya kosa lolote. Kwa rai yangu, faida isimamayo juu ya kanuni ya serikali ithaminiwe chini kuliko ile isimamayo juu ya ardhi au umbali.

Tena zipo hisa sokoni petu zipitazo siku nyingi bila kupata mnunuzi, hivyo aingiaye hawezi kutoka kwa haraka. Basi, kabla ya kununua, hesabu zilizokaguliwa zisomwe za miaka mitano mfululizo, mkitazama katika kila shilingi mia za mauzo zilibaki ngapi, na hasa katika mwaka ule alipoingia mshindani mpya.