Kabla ya kufuta kompyuta, mtafute mkalimani wake

Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika za Tarime na Serengeti



Nimeombwa nizungumzie matumizi ya kompyuta katika miradi yetu. Najua wengi mnategemea niseme habari za umeme na fedha. Leo naomba niseme habari ya kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho kimetulazia kompyuta kabatini hata mahali penye umeme wa uhakika. Mafundi wanakiita draiva.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita tulipokea kompyuta nane zilizokwisha kutumika, zawadi ya marafiki zetu wa ng'ambo, kwa ajili ya darasa la mabinti katika kituo kimoja cha ufundi upande wa Serengeti. Ada ilikuwa imeshalipwa. Wapo wazazi waliouza mbuzi ili binti aingie darasani. Kompyuta zilikuja na Windows ya lugha ya kwao, nami nikaona vema zifutwe zote na kuwekewa Windows ya Kiingereza. Fundi aliniomba siku moja zaidi, akasema kuna vitu anataka kuvihifadhi kwanza. Nilimkatalia, maana mgeni rasmi alikuwa anakuja kesho yake.

Zilipowaka upya, maandishi kwenye skrini yalikuwa makubwa na yenye ukungu. Sauti hakuna. Printa haikutambuliwa. Lililotuumiza zaidi, hazikuweza kushika mtandao. Kilichokosekana kilikuwa kwenye intaneti, na kilichokosekana ndicho hicho cha kutufikisha kwenye intaneti. Nikamlaumu fundi mbele ya watu. Kwa wiki tano mabinti walijifunza kwa kibodi iliyochorwa kwenye karatasi. Wawili walikata tamaa, wakarudi nyumbani. Baadaye nilielewa kwamba vitu alivyotaka kuvihifadhi fundi ni hizo draiva. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini mabinti wale wawili hawakurudi.

Sasa, draiva ni nini? Sote tumewahi kuona mhubiri mgeni akisimama kanisani, na pembeni yake mkalimani anayegeuza maneno kwa Kikurya. Mhubiri anaweza kuwa hodari, na wasikilizaji wana hamu, lakini mkalimani asipofika, ibada inakwama. Ndani ya kompyuta, mhubiri ni mfumo endeshi, yaani programu kuu kama Windows au Linux. Wasikilizaji ni vifaa: printa, skana, kadi ya mtandao, spika, kamera. Draiva ni programu ndogo inayosimama katikati, ikipeleka agizo la mfumo kwa kifaa na kurudisha jibu la kifaa kwa mfumo.

Mkalimani huyu ana masharti. Kwa kawaida anajua kifaa kimoja, au vifaa vya ukoo mmoja, na mfumo wa aina moja. Draiva iliyoandikwa kwa Windows ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, hata kama printa ni ile ile. Mfumo mpya ukija, mwenye kiwanda ndiye anayeamua kama ataandika draiva mpya kwa kifaa chake cha zamani. Asipoandika, kifaa kizima kabisa kinageuka mzigo, ingawa hakuna kilichovunjika.

Hili linatuhusu sana kwa wakati huu. Windows XP iliacha kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya Windows 10 haizimiki kwa sababu hiyo, ila haipati tena marekebisho ya usalama, isipokuwa imeandikishwa katika mpango wa nyongeza ya muda. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa hiyo kompyuta nyingi nzima zitatolewa maofisini huko Ulaya na Marekani, na baadhi zitaletwa kwetu kama zawadi. Tunashukuru. Lakini tuzipokee tukiwa macho.

Ndugu wajumbe, naomba mwandike mambo manne.

La kwanza: hifadhi kabla ya kufuta. Kompyuta iliyokuja ikifanya kazi imekuja na wakalimani wake ndani. Kwenye Windows 10 na 11, fundi atengeneze folda iitwayo draiva kwenye flashi, kisha afungue dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika: dism /online /export-driver /destination:E:\draiva. Hapo E ni herufi ya flashi. Kwenye kompyuta nyingine yaweza kuwa herufi tofauti. Amri hii hunakili draiva zilizoongezwa kwenye mashine. Zile zilizokuja na Windows yenyewe hazina haja ya kunakiliwa. Ni kazi ya dakika chache. Mimi niliikataa kwa ajili ya mgeni rasmi.

La pili: kitambue kifaa kwa namba, tusikisie. Ndani ya Windows kuna sehemu iitwayo Device Manager. Kifaa kilichokosa draiva huonyeshwa hapo kwa alama ndogo ya njano. Ukifungua maelezo yake na kuchagua Hardware Ids, utaona namba yenye herufi VEN na DEV. VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa chenyewe. VEN 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Kwa vifaa vya waya wa USB utaona VID na PID badala yake. Kwenye Linux, amri lspci -nn na lsusb hutoa namba hizo hizo. Kifaa kisicho na jina kwenye skrini kina namba, na kwa namba hiyo fundi aliye Tarime mjini anaweza kukusaidia kwa simu hata wewe ukiwa Mugumu.

La tatu: chukua draiva kwa mwenyewe. Soma namba ya toleo kwenye kibandiko cha kompyuta, uende kwenye tovuti ya kiwanda kilichoitengeneza, uchague mfumo ulio nao na biti zake. Anza na draiva ya mtandao. Hiyo ikipatikana, nyingi zilizobaki Windows huzitafuta yenyewe. Mtandao ukigoma kabisa, unganisha simu kwa waya wa USB na kuruhusu simu itoe intaneti kwa kompyuta. Mara nyingi njia hii hukubali bila draiva ya ziada. Jihadharini na tovuti zinazojitangaza kutoa draiva zote za dunia bure kwa kubofya mara moja. Baadhi yake huleta virusi au kudai malipo.

La nne: jaribu kabla ya kuamua. Linux ni mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, na draiva nyingi zimo ndani ya kiini chake. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake, ulianza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Unaweza kuiweka Ubuntu kwenye flashi, ukaiwasha kompyuta kutoka hapo bila kugusa kilichomo ndani, ukaona kama mtandao, sauti na skana vinaitika. Skana za zamani zisizo na draiva ya Windows ya leo wakati mwingine hufufuka hapo. Wala si jambo geni nchini. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini tusidanganyane: zipo kadi za mtandao usio na waya na printa za bei nafuu zinazosumbua kwenye Linux. Ndiyo maana nasema jaribu kwanza.

Kuhusu printa, naongeza neno moja. Printa nyingi za bei ya chini hazina akili ya kutosha ndani yake. Kazi ya kupanga ukurasa hufanywa na draiva kwenye kompyuta. Draiva ikikosekana, printa hiyo ni sanduku tu. Printa inayojua lugha za PCL au PostScript inaweza kuendeshwa na draiva ya jumla, hata mtengenezaji akiisahau. Basi kamati inaponunua, iulize swali hilo kabla ya kuuliza punguzo la bei.

Kwa wafadhili na marafiki zetu, nasema kwa heshima: ahsanteni kwa kutukumbuka. Tunaomba kabla ya kusafirisha mtutumie orodha ya matoleo ya kompyuta na printa, ili tuangalie huku kama draiva zake bado zipo. Taarifa zenu za siri mzifute, ni haki yenu. Ila mtuwekee flashi moja yenye draiva. Flashi hiyo ni sehemu ya zawadi. Na tukiwajibu kwamba printa fulani msiilete, msidhani tumekosa shukrani. Tunawaokolea nauli.

Kwa kamati zetu: kila usharika uwe na daftari moja la kompyuta. Liandikwe namba ya toleo, mfumo uliomo, biti zake, na mahali ilipo flashi ya draiva. Flashi hiyo ikae kabatini pamoja na vitabu vya fedha, isitumike kubebea nyimbo na picha za harusi. Na fundi akiomba siku moja zaidi, mpeni. Mgeni rasmi anaweza kuelezwa akaelewa. Binti aliyelipiwa ada kwa mbuzi, akakuta kibodi ya karatasi, ni vigumu kumweleza.

Darasa lile sasa linaendelea. Kompyuta sita kati ya nane bado zinafanya kazi, na flashi yake iko kabatini imeandikwa jina. Kila ninapoiona nawakumbuka wale wawili.