Anayejitolea Naye Ana Shamba Lake

(Hotuba ya kamati ya shamba la watoto, iliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Mama Mhazini amekwisha kueleza habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii, nasi hatuna la kuongeza hapo, maana mwenye daftari ndiye ajuaye kilichomo sandukuni. Sisi tumeombwa tuzungumze juu ya shamba la watoto, na hasa juu ya watu wanaojitolea pale. Hili ndilo swali mnalotuuliza kila tukikutana sokoni: "Hivi nyie, mnawapataje watu wa kufanya kazi bila malipo?" Jibu ni fupi. Hatuwapati bila malipo. Lakini malipo yenyewe si ya fedha, na hapo ndipo penye maneno.

Shamba wengi mnalijua. Liko kando ya barabara ya Tarime kwenda Mugumu, wala si kubwa. Ukilizunguka kwa miguu hujamaliza kutafuna muwa mmoja. Kuna mahindi na maharage, ulezi, muhogo, viazi vitamu, migomba, mistari michache ya kahawa waliyoileta wenzetu wa Tarime ya milimani, mtama wa wenzetu wa upande wa Serengeti, banda la mbuzi, kuku, na mizinga ya nyuki kule mwisho kabisa. Watoto huja na walimu wao kutoka shule za msingi za Tarime mjini, Mugumu na Musoma, na mara chache kutoka Mwanza. Hao wa Mwanza wanafika wamechoka, lakini wamekwisha kuvuka daraja la Kirumi na kuuona Mto Mara ukielekea Ziwa Victoria, kwa hiyo hata njia imewafundisha kitu.

Wapo wanaotucheka. Wanasema, mkoa mzima wa Mara ni wa wakulima na wafugaji, mtoto wa Musoma aje kuonyeshwa jembe? Jamani, mtoto aliyezaliwa mjini, baba yake dereva na mama yake ana mgahawa, shamba analiona kupitia dirisha la basi tu. Mmoja alizitafuta karanga juu ya mwembe, akauzunguka mara mbili. Tulipomwambia ang'oe shina dogo chini na akaziona zinaning'inia chini ya shina, alipiga kelele mpaka wenzake wakakimbia wakidhani ni nyoka. Mwingine alipoambiwa kwamba uji anaokunywa umetoka kwenye "majani yale pale", yaani ulezi, alikiweka kikombe chini kwanza, akafikiri. Lakini msidhani ni wajinga. Kuna mtoto wa darasa la tano ambaye mama yake anauza nyanya. Alitukokotolea bei ya tenga zima, faida na nauli, kabla Mama Mhazini hajafungua kalamu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Sisi wengi wa umri huu tulisoma katika shule zenye mashamba. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, mkoa huu huu, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Humo alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kuamua walime nini na mapato yatumikeje. Hayo ndiyo aliyoyaandika. Yaliyotufikia wengine wetu darasani yalikuwa tofauti: ukichelewa, jembe, ukizungumza, jembe, ukishindwa hesabu, jembe. Mtu akikua hivyo, jembe analijua kama mwenzake fimbo. Ndiyo maana siku tulipoanza tulikubaliana jambo moja kabla ya kuchimba hata shimo la choo: mtoto haji kwetu kufanya kazi yetu.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, nayo iwe kazi nyepesi. Hawa wanaotujia wengi wana miaka tisa, kumi, kumi na moja. Kila kundi lina tuta lake dogo, watoto wanapanda, wanamwagilia, wanachuma kidogo cha kubeba nyumbani. Magugu ya shamba zima ni yetu. Mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka kutuletea madarasa mawili watupalilie nusu siku ili akina mama tupumzike. Tulimshukuru, tukakataa.

Basi, ukishasema mtoto hafanyi kazi, maana yake mtu mzima ndiye atakayefanya. Tufanye hesabu. Mama mmoja anaweza kuwaangalia watoto wanane, zaidi ya hapo wanampotea migombani. Darasa la watoto 40 linataka akina mama watano. Jikoni wawili, kwa uji na viazi. Mmoja chooni na kwenye maji ya kunawa mikono. Kijana mmoja wa kushika maksai na plau, maana watoto lazima waone ng'ombe wakilima lakini lazima wasimame mbali. Na mmoja wa kukaa upande wa mizinga, kazi yake ni kusema "hapana" tangu asubuhi mpaka saa nane. Hao ni kumi. Na siku moja kabla, wawili wapite kuondoa mapanga, kufunika shimo, na kuhakikisha hakuna mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu siku za karibuni.

Watu hao wanatoka wapi? Neno lenyewe "kujitolea" kwetu lina historia. Wengi tulilisikia kwanza mdomoni mwa balozi wa nyumba kumi, na asiyekwenda alitozwa faini. Hiyo ilikuwa kujitolea kwa lazima! Halafu wakaja wafadhili na semina zao, kila anayekaa kwenye kiti anapewa posho na soda, na vijana wakajifunza kwamba kukutana ni ajira. Kati ya faini na posho, mtu wa kuja kwa hiari yake umtafute wapi?

Tuliwapata, na mwanzo walikuja wengi. Kisha, kila ilipofika palizi, walipungua, na waliobaki wakawa wale wale. Vikaoni watu wakasema wenzetu wamepoa. Kamati haikuita mkutano wa kuwasema. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, na tulichokikuta kilikuwa shambani. Mmekwisha kupalilia ulezi? Gugu lake moja linafanana nalo kama pacha, na mwenye kulijua lazima ainame mwenyewe, shina kwa shina. Ukichelewa wiki mbili, mavuno yamekwenda. Mjane mwenye watoto wanne akitupa siku zake mbili katika wiki hizo, anatupa debe zima la ulezi. Mwenzake ambaye mume wake ana mshahara anaweza kuajiri kibarua, yeye akaja kufundisha watoto wa watu. Tungeacha hivyo, shamba la watoto lingebaki mikononi mwa wenye nafasi, na wale wanaoujua ulezi kuliko sisi sote wasingeonekana. Mtoto wa mjini angefundishwa ulezi na mtu anayenunua unga dukani.

Jibu tulikuwa nalo nyumbani siku zote. Wakurya wanaita risaga. Mwenye shamba anawaita majirani, wanakuja na majembe yao, wanamlimia, naye anawapikia na kuwapa cha kunywa. Wao wakiita, naye anakwenda. Hakuna anayesema risaga ni bure, na hakuna anayesema ni kibarua. Tukaichukua hiyo na kuiweka kwenye daftari. Ukitoa siku mbili kwa watoto, kikundi kinakuja shambani kwako asubuhi moja, watu wasiopungua sita, siku utakayochagua wewe. Siku yako inagongwa muhuri kama hisa inavyogongwa. Asiyetokea kwenye shamba la mwenzake anatozwa faini ile ile ya kuchelewa kikao. Tofauti na risaga ya wazee ni kwamba yetu ina uji na makande, haina pombe. Wazee wamelalamika, na tumewasikia.

Mambo hayakukosa mabishano. Wapo waliotaka wabadilishiwe siku kwa fedha, hasa mwezi wa ada na sare za shule. Kikao kilibishana mpaka giza likaingia. Mwisho tuliamua kwamba siku haiuzwi, ila inaweza kuhamishwa: kwa mama mkwe, kwa mgonjwa, au kwa mwenzako aliyejifungua. Wengine bado wanaona tumekaza sana. Sisi tunaona kwamba siku ikishakuwa na bei, mwenye fedha atazinunua zote, na tutarudi pale pale kwa mjane na ulezi wake.

Wenzetu wa vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Serengeti wana taabu yao ya pekee, nayo ni tembo. Mahindi na mtama vikikomaa, watu hawalali. Wanakesha shambani na tochi, madebe na moto. Mama aliyekesha usiku mzima huwezi kumwambia awe langoni saa tatu asubuhi akitabasamu. Ndiyo, serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeliwa mazao, lakini aliyelinda na mazao yakapona hana fomu ya kujaza, ana usingizi tu. Kwa hiyo wenzetu hawa hatuwapangi kabisa miezi hiyo. Wanakuja wakati wa kupanda, na wakija ndio wanaopendwa kuliko wote. Wanawaonyesha watoto kamba iliyopakwa pilipili na oili chafu, ile inayozungushiwa shamba, na kuwaeleza kwamba mnyama mkubwa vile anaogopa nyuki. Hilo la nyuki lilijaribiwa kwa wenzetu wa Kenya, mizinga ikitundikwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akiusukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Mtoto mmoja aliuliza, "Kwani tembo hana shamba lake?" Tukamwachia mzee wa Robanda ajibu, na alijibu kwa nusu saa.

Kwa vijana wa maksai tulifanya vingine. Kijana hana ulezi wa kupaliliwa, ana haja ya kujulikana. Tumewapa barua yenye sahihi ya mwenyekiti inayosema kazi aliyofanya na siku alizotoa, na baadhi wameitumia kuombea kazi. Posho hatuna, tunawaambia mapema kabla hawajafunga nira. Anayeondoka aondoke siku hiyo hiyo, si watoto wakiwa njiani.

Kwa walimu waliopo hapa tuna maneno machache. Leteni barua wiki mbili kabla, si kupiga simu jana yake. Semeni idadi ya kweli. Mkisema 40 mkaleta 65, kuna watoto 25 wasio na mama wa kuwaangalia. Na kama mnataka kuona mavuno, msisubiri mpaka shule zifungwe mwezi Juni. Mkija mapema kidogo mtawakuta watu na mazao, ingawa kwa upande wa tembo mtawakuta watu wana macho mekundu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwako tuna ombi moja, nalo si fedha taslimu. Choo cha watoto kina matundu mawili. Wasichana wa darasa la sita na la saba wanahitaji chumba chao chenye mlango na maji, kwani tumeona wengine wanakataa kunywa uji ili wasije wakahitaji choo. Matofali tumekwisha kufyatua wenyewe, kwa siku zilizoandikwa daftarini. Tumepungukiwa mabati, saruji na tenki la maji.

Orodha ya zamu za msimu ujao imebandikwa mlangoni, karibu na sanduku. Wanaodai asubuhi zao waandike tarehe leo kabla ya chakula, maana wiki ya kwanza ya palizi imekwisha kujaa, na mjane tuliyemtaja tumemweka wa kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.