Mji wa Mbarara, Mto Rwizi na Majirani Zetu wa Nakivale

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya, Mbarara)



Kamati imenitaka niseme habari za mji wetu wa Mbarara, tarikhi yake na jiografia yake. Wenye kuuhadithia mji huu aghalabu huanza na boma la Waingereza, wakaishia kwenye ile tarehe 1 Julai 2020 tulipopewa daraja la jiji. Mimi sitaifuata njia hiyo. Nataka kuonyesha kwamba mji huu umekuzwa na watu waliofukuzwa kwao, na wapita njia waliochoka wakakaa, zaidi ya wakuu waliotia sahihi mikataba. Na kwamba Nakivale, ambayo wengi wetu twaitaja kana kwamba ni nchi ya mbali, imo katika habari hiyo hiyo, nasi tumefungamana nayo kwa maji.

Nianze na ardhi, kwa kuwa ndiyo iliyotutangulia. Mbarara iko kusini kidogo ya mstari wa ikweta, juu ya bahari kwa mita 1,400 na zaidi, na kutoka Kampala ni mwendo wa kilomita 270 hivi kwa njia ya Masaka. Jina lake, kama wazee wajuavyo, latokana na emburara, yale majani marefu yaliyokuwa yakifunika vilima hivi kabla havijafunikwa na mabati. Mvua zetu ni mbili kwa mwaka, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba. Upande wa magharibi, Sheema na Buhweju, nchi ni ya baridi na rutuba. Upande wa mashariki mvua yapungua, miti yawa ya miiba, na hapo ndipo waanzapo ule ukanda wa wafugaji uendao kaskazini-mashariki mpaka Karamoja. (Watu wa Isingiro wasinikasirikie: najua kwamba kwa bidii yao wameifanya nchi yao kuwa ghala mojawapo la ndizi katika Uganda.) Mji umekaa baina ya mkulima na mfugaji, na mahali pa namna hiyo hapakosi soko.

Kati ya nchi hizo mbili wapita Mto Rwizi. Mto huu waanza katika vilima vya Buhweju, wapita chini ya mji wetu, kisha waelekea mashariki kwenye maziwa madogo, nayo ni Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola, na mwisho maji yake hufika Nyanza ya Victoria. Lakini haukuwa hivyo tangu awali. Wataalamu wa elimu ya miamba wametueleza kwamba zamani sana mito ya sehemu hii, yaani Kagera, Katonga na huu Rwizi, ilikuwa ikienda magharibi upande wa Kongo. Ardhi ikainuka polepole ukingoni mwa Bonde la Ufa, mito ikazibiwa njia, ikageuka na kurudi ilikotoka. Na maji yaliyorudishwa ndiyo yaliyosaidia kulijaza lile ziwa kubwa. Ndiyo sababu mabonde yetu ni mapana kupita kiasi cha mito iliyomo, yamejaa mafunjo na matope, na maji hutembea kwa uvivu kana kwamba hayana hakika ya njia. Mafunjo hayo si uchafu wa kuondolewa. Ndiyo chujio la mto na ndiyo ghala lake wakati wa kiangazi. Habari hiyo nitairudia.

Sasa watu. Ufalme wa Nkore haukuwa na mji wa kudumu. Makao ya Mugabe yalihama pamoja na ng'ombe wake. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro katika Karagwe, ng'ambo ya Kagera, na mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika Buganda mwaka 1844. Nkore ilikuwa jirani tu wa njia hiyo kuu.

Tendo la kwanza la nchi hii ambalo napenda vijana wetu walijue ni la mwaka 1888. Katika mwezi wa Oktoba mwaka huo kundi la Waislamu lilishika madaraka katika Buganda, likawafukuza Wakristo. Hatuna budi kulisema hilo wazi, maana tarikhi si kitabu cha sifa zetu wenyewe. Waliofukuzwa walikimbilia Nkore, na Mugabe Ntare wa Tano, ambaye hakuwa Mkristo wala Mwislamu, akawapa mahali pa kukaa Kabula, sehemu ambayo leo imo katika wilaya ya Lyantonde, nanyi hupita hapo kila mwendapo Kampala. Miongoni mwa wakimbizi hao alikuwamo Apolo Kagwa, ambaye baadaye alikuwa Katikiro wa Buganda. Mwaka uliofuata walirudi kwao kwa vita. Basi mtu akisema kwamba wakimbizi ni jambo la siku hizi katika Ankole, mwambieni ahesabu upya.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya msiba. Sotoka iliteketeza ng'ombe, na Ntare mwenyewe akafariki mwaka 1895. Mwishoni mwa mwaka 1898 ofisa wa Kiingereza, Macallister, akaweka boma hapa. Mwaka 1901 mkataba wa Ankole ukatiwa sahihi, Kahaya akiwa Mugabe na Nuwa Mbaguta akiwa waziri wake mkuu. Pamoja na boma wakaja askari wa Kinubi, makarani wa Kiganda, Wahindi wenye maduka, mafundi na wapagazi wa kila kabila. Wengi wa Waislamu wa kwanza wa mji walitoka katika mchanganyiko huo. Wenyeji wakawaita wote kwa jina moja, Waswahili, hata yule ambaye maishani mwake hakupata kuiona bahari.

Reli haikutufikia. Ile iliyojengwa kwenda magharibi ilifika Kasese mwaka 1956 ikipita mbali kaskazini yetu, na wapo waliosema kwamba Mbarara imekwisha. Kumbe mji ulikuwa na kitu kingine, nacho ni njia panda. Barabara za Masaka, Kabale, Bushenyi, Ibanda na ile ya Kikagati iendayo mpaka wa Tanzania zakutana hapa, na msafiri wa lori, tofauti na wa treni, hula, hulala na huuza njiani.

Mwaka 1959 ghasia zilipozuka Rwanda, maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, walivuka mpaka na ng'ombe wao. Serikali ya kikoloni iliwatafutia makao katika nchi kavu ya kusini-mashariki yetu, ambayo haikuwa na watu wengi, na makao ya Nakivale yakatangazwa rasmi mwaka 1960. Walidhaniwa kuwa ni wageni wa muda mfupi. Makao hayo sasa yamepita umri wa miaka 60, nayo ni miongoni mwa makao ya wakimbizi yaliyo ya zamani kabisa katika Afrika.

Nitapita upesi juu ya miaka ya mashaka, kwa kuwa wapo humu waliyoiona kwa macho yao. Mwaka 1972 Wahindi waliamriwa kuondoka katika muda wa siku 90, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo wapiganaji waliotoka Tanzania waliishambulia kambi ya askari ya hapa, wakashindwa, na raia wengi wakaonja kisasi. Mwezi wa Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka mji, na majengo mengi yakalipuliwa. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka, Waislamu katika sehemu za Ankole, hasa upande wa Sheema, waliuawa kwa dhambi ambazo hawakuzitenda, eti kwa kuwa Amin alikuwa wa dini yao. Miaka mitatu tu baadaye, Oktoba 1982, ikawa zamu ya watu wenye asili ya Kinyarwanda. Walitolewa majumbani mwao katika Ankole. Maelfu wakavuka kwenda Rwanda, na maelfu wengine wakasukumwa ndani ya makao ya Nakivale na Oruchinga.

Tazameni mfuatano huo, ndugu zangu. Mwaka 1888 wenzetu wa dini walifukuza. Mwaka 1979 wenzetu wa dini waliuawa. Katika mji huu sijui kabila wala dhehebu liwezalo kusema kwamba halikupata kuwa upande wa mfukuzaji, au upande wa mfukuzwa, au pande zote mbili.

Tangu hapo mji umekua kwa kasi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilifunguliwa mwaka 1989, nacho kilikuwa chuo kikuu cha pili cha serikali baada ya Makerere. Viwanda vya maziwa vikaja. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 ilikuta watu 69,363 mjini; ile ya mwaka 2014, mipaka ikiwa imekwisha kupanuliwa, ilikuta 195,013; na ile ya mwaka 2024 ilipita 250,000. Kitu kimoja hakikurudi: ufalme uliofutwa mwaka 1967. Falme nyingine zilirudishwa kuanzia mwaka 1993, lakini wa Ankole haukutambuliwa, na jumba la Kamukuzi limebaki bila mwenyewe.

Na Nakivale? Leo imo katika wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka wilaya yetu, na kutoka hapa ni kilomita 50 na zaidi. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 185, na wakaaji wake wamezidi 150,000. Wengi wa Wanyarwanda wa kwanza walirudi kwao baada ya mwaka 1994. Wakaja wengine kutoka Rwanda, kisha Warundi, Wasomali, Waethiopia, na Wakongo ambao sasa ndio wengi kuliko wote. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 yawaruhusu kufanya kazi na kutembea, na jamaa hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Mahindi na maharagwe yao mengi mwayala ninyi hapa sokoni bila kuuliza yametoka wapi. Nao hununua kwetu sabuni, nguo, mabati na dawa. Lugha iwaunganishayo Mkongo, Mrundi na Msomali ni hii niisemayo sasa, na naona haya kidogo kwamba Kiswahili chazungumzwa zaidi Nakivale kuliko katika shule zetu za mjini.

Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula umepunguzwa, na hugawiwa kwa makundi kulingana na dhiki ya mtu. Kwa hiyo wengi zaidi watakuja mjini kutafuta vibarua. Wengine watakuja wagonjwa, maana hospitali kubwa ya kusini-magharibi iko hapa. Mwislamu mgeni akifia mjini, jamaa zake wakiwa mbali na hawana nauli, mazishi yake ni faradhi ya nani kama si yetu? Naiomba kamati iweke daftari, sanda na watu wa zamu kwa jambo hilo, wala isingoje mpaka maiti awe amekwisha kulala siku mbili.

Nirudie mto, kama nilivyoahidi. Mji huu hunywa maji ya Rwizi. Ziwa Nakivale lapokea maji ya bonde hilo hilo, na wakimbizi hunywa maji ya ziwa hilo baada ya kusafishwa. Yaani tunywacho sisi kwanza, wao hunywa baada yetu, pamoja na tulichokitia. Katika miaka hii mafunjo yamekatwa na mabonde kukaushwa ili kulimwa. Mikaratusi imepandwa mpaka ukingoni. Mchanga na udongo wa matofali huchimbwa kandokando ya maji, na magari huoshwa mtoni. Maji yamepungua na rangi yake imekuwa ya udongo, hata imebidi kuyatazamia maji ya Kagera. Hao waharibuo mto si watu wa mbali. Ni sisi wenye mashamba, wenye tanuri na wenye magari. Twajua hukumu za udhu na tohara ya maji, twawafundisha watoto kutoyafuja hata wakiwa mtoni. Kisha twatoka msikitini twaendesha gari mpaka ukingoni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sina mamlaka ya kumtoza mtu faini. Niwezalo ni hili. Nataka wanafunzi wa madrasa zetu wasimamishe mti wenye alama za sentimita katika Rwizi karibu na daraja, na wenzao wa madrasa za Nakivale wasimamishe wa kwao ziwani. Kila Ijumaa waandike kimo cha maji na rangi yake, na kila mwisho wa mwezi wapelekeane hesabu zao kwa barua ya Kiswahili. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na karatasi ya kuiweka mbele ya wakuu wa jiji na wa Isingiro, na watoto watakuwa wamejuana kwa majina. Gharama yake ni mbao mbili na kopo la rangi. Mwalimu atakaye kuanza na anione baada ya sala ya Alasiri. Mti wa kwanza nimekwisha kuuchora.