Mizani na Utulivu wa Moyo

Tumeombwa kusema juu ya haki na afya ya akili. Nasi watu wa Bariadi tutaanzia wapi, kama si penye pamba?

Wazee wetu walipeleka pamba kwa wanunuzi, wakaona mizani inawapunja, wakarudi nyumbani kimya. Ratili zilizopotea ziliwauma. Lakini kilichowauma zaidi ni kujua ya kwamba jasho lao halihesabiwi. Ndipo wakulima wa Usukuma walipoweka wapimaji wao wenyewe, hata mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vyao vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao Paul Bomani aliuongoza.

Wenye elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili. Melvin Lerner alitoa kitabu mwaka 1980, akaeleza jinsi watu wanavyotaka kuamini ya kuwa kila mtu hupata anachostahili. Baadaye Claudia Dalbert wa Ujerumani akatenga imani mbili: kwamba mimi natendewa haki, na kwamba dunia nzima huenda kwa haki. Ile ya kwanza huonekana zaidi kwa watu walioridhika na maisha, wasiolemewa na huzuni. (Hatusemi ya kwamba moja huzaa jingine, mwenye moyo mtulivu naye huiona haki upesi.) Ile ya pili huandamana na ukali juu ya walioonewa.

Ukali huo twaujua. Rafiki za Ayubu walikuwa nao. Katika mkoa wa Shinyanga, ambao sehemu yake ilitengwa kuwa Simiyu mwaka 2012, bibi vizee waliuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu ule ulitoka kwa moshi wa jikoni! Msiba ulipoingia, watu hawakukubali kwamba hauna mkosaji.

Nasi tusijitenge. Tulimwendea mama mmoja aliyefiwa watoto wawili, tukamwuliza amekosa nini. Hakujibu, wala hakuonekana tena ibadani.

Mwaka wa pili tulirudi kwake wakati wa mavuno, tukachuma pamba pamoja naye hata jioni, bila kuuliza neno. Tulipokuwa tukifunga magunia ndipo alipoanza kusema habari za wanawe, akasema mpaka giza likaingia. Asubuhi akatuomba twende naye chamani, tusimame karibu na mizani.